Padre Angelo Secchi na Nyota Nyekundu

Mapadre wetu waliosoma Roma hupenda kuwasimulia mafrateri habari za kanisa la Mtakatifu Inyasi, lililoungana na jengo la zamani la Chuo cha Kirumi cha Wajesuiti. Ukiingia kwa mlango mkuu na kuinua macho, unaona mbele yako kuba kubwa lenye nguzo na madirisha. Ukisonga mbele kuelekea altare, kuba linaanza kupinda, na ukifika chini yake unagundua kwamba hakuna kuba lolote. Ni picha tu, kitambaa kilichochorwa na Bruda Andrea Pozzo, Mjesuiti, mwaka 1685. Waliojenga kanisa walikusudia kuweka kuba la kweli, na misingi na nguzo nene za kulibeba zikajengwa. Kuba halikujengwa kamwe. Kwa zaidi ya miaka 150 nguzo zile zilisimama bila mzigo.

Aliyezipatia mzigo ni padre mmoja mfupi wa kulala na mwingi wa kazi, Angelo Secchi. Juu ya nguzo zile alisimika darubini, na kwa darubini hiyo akafanya jambo ambalo kabla yake halikuwa limefanywa kwa upana huo: aliupanua mwanga wa nyota, moja baada ya nyingine, akazipanga nyota katika makundi kwa kadiri ya mwanga wao ulivyoonekana. Wataalamu wa leo wanaochunguza nyota zilizozeeka karibu na kitovu cha galaksi yetu kwa mionzi isiyoonekana kwa macho wanaendelea na kazi iliyoanzia juu ya paa lile. Tumeona vema kuwasimulia maisha yake, kwa sababu si maisha ya mwanasayansi tu. Ni maisha ya padre aliyewekwa mahali pagumu kati ya utii wake na kazi aliyoipenda.

Secchi alizaliwa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia, mwezi Juni 1818. Alisoma kwa Wajesuiti wa mji huo, na Novemba 1833, akiwa kijana wa miaka 15, aliingia unovisi huko Roma. Walezi waliona mapema kwamba alikuwa na kipaji cha hesabu. Mwaka 1839 akapewa kazi ya kuwasaidia wanafunzi wa hesabu na fizikia katika Chuo cha Kirumi, na mwaka 1841 akatumwa Loreto kufundisha fizikia. Mafrateri mnaokwenda mwaka wa kichungaji na kukabidhiwa kidato cha pili chenye vijana wasiotulia mtamwelewa: hata yeye alifundisha kwanza, teolojia ikafuata. Alirudi Roma mwaka 1844 kuianza, na tarehe 12 Septemba 1847 akapewa daraja takatifu ya upadre.

Hakukaa miezi mingi na upadre wake kabla ya kufukuzwa mjini. Mwaka 1848 mapinduzi yaliwaka sehemu nyingi za Ulaya, na Roma Wajesuiti walilazimika kuondoka. Secchi alikwenda kwanza Uingereza, katika chuo cha Stonyhurst, kisha akavuka bahari hadi Georgetown, jirani na Washington, Marekani. Huko alimalizia mitihani yake ya teolojia, akafundisha fizikia na kusaidia katika kituo cha nyota cha chuo. Aliandika pia utafiti wa umeme ambao ulichapishwa na taasisi ya Smithsonian. Alifahamiana na Matthew Fontaine Maury, mkuu wa kituo cha nyota cha jeshi la majini la Marekani, mtu aliyekuwa akikusanya taarifa za pepo na mikondo ya bahari kutoka kwa manahodha. Kutokana na urafiki huo Secchi alipata shauku ya elimu ya hali ya hewa, na hakuiacha hadi kufa.

Akiwa uhamishoni akapata habari ya msiba. Padre Francesco de Vico, Mjesuiti aliyekuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Chuo cha Kirumi, alifariki London Novemba 1848, naye akiwa mkimbizi. Kabla ya kufa alikuwa amempendekeza Secchi awe mrithi wake. Wajesuiti waliporuhusiwa kurudi, Secchi alifika Roma mwishoni mwa 1849 na kukabidhiwa kituo. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Kituo alichokirithi kilikuwa katika mnara wa chuo, na mnara ule ulitikisika. Kwa darubini hilo ni tatizo kubwa, kwani mtikisiko mdogo usiousikia miguuni huifanya nyota icheze kama mwali wa mshumaa penye upepo. Ndipo Secchi akazitazama zile nguzo za kanisa. Zilikuwa zimejengwa kubeba maelfu ya tani, zimekaa ardhini kwa karne mbili, hazitikisiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 kituo kipya kikajengwa juu ya paa la Mtakatifu Inyasi, na baada ya muda mfupi ikafika darubini ya mafundi Merz wa München, yenye lenzi ya upana wa sentimita 24 hivi. Fedha zake zilitokana na urithi wa Mjesuiti mwenzake, aliyeutoa kwa ajili hiyo. Chini waamini walisali wakitazama mbingu iliyochorwa. Juu yao, usiku, padre alitazama mbingu yenyewe.

Kazi zake nyingine tutazipitia haraka, ingawa kila moja ingetosha kumpa mtu jina. Alipima msingi wa ramani kando ya barabara ya kale ya Via Appia. Alijenga mashine iliyoandika yenyewe juu ya karatasi, mchana na usiku, upepo, joto, mvua na mgandamizo wa hewa. Mashine hiyo ilipata tuzo kuu katika maonyesho ya Paris mwaka 1867. Alikwenda Hispania kutazama kupatwa kwa jua tarehe 18 Julai 1860, na picha zilizopigwa huko, zikilinganishwa na zile za Mwingereza Warren de la Rue aliyekuwa sehemu nyingine ya nchi hiyo hiyo, zilionyesha kwamba ndimi za moto zinazoonekana pembeni mwa jua ni za jua lenyewe na si za mwezi. Na Aprili 1865, akiwa katika meli ya Papa kwenye pwani ya Civitavecchia, aliteremsha baharini visahani vyeupe ili kupima ni kina gani macho yanaweza kufika. Kisahani cha Secchi kinatumika hadi leo. Watafiti wa Ziwa Victoria wanakiteremsha kando ya boti kupima jinsi maji yalivyochafuka, na pengine baadhi ya vijana wa parokia zetu za kando ya ziwa wamewahi kukiona bila kujua kwamba jina lake ni la padre.

Kuna jaribio moja la miaka ya mwanzo ambalo hatutalipita. William Herschel, Mwingereza mwenye asili ya Ujerumani, alikuwa ameona mwaka 1800 kwamba ukiupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, yaani prizimu, na kuweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, kipimajoto kinapanda. Kumbe kuna mionzi isiyoonekana. Leo tunaiita infraredi. Mama yeyote anayepikia mkaa anaijua bila kuiita jina: jiko lililokwisha kupoteza wekundu wake bado linauchoma mkono ukiusogeza. Secchi, mwanzoni mwa miaka ya 1850, alichukua kifaa cha umeme cha kupimia joto, cha aina aliyoitumia Macedonio Melloni, akakipitisha katika sura ya jua iliyotolewa na darubini. Akakuta kwamba katikati ya jua hutoa joto karibu maradufu ya lile la pembezoni. Kwa hiyo jua si mpira mkavu unaowaka sawasawa kila upande, bali lina tabaka za hewa zinazouzuia mwanga wake. Miaka kumi kabla ya kuzigeukia nyota, alikuwa tayari amezoea kuuliza mwanga umepitia wapi kabla ya kutufikia.

Tuje sasa kwenye nyota zenyewe. Mwaka 1859 Wajerumani wawili, Kirchhoff na Bunsen, walionyesha kwamba kila elementi ikiwaka hutoa mistari yake ya rangi, na kwamba mistari myeusi inayoonekana katika mwanga wa jua ni alama ya elementi zilizoko huko. Kabla ya hapo wenye hekima walifundisha kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimeumbwa kwa nini. Ghafla njia ikawa wazi. Watu kadhaa waliingia mbio hizo: Giovanni Donati huko Firenze, William Huggins Uingereza, Lewis Rutherfurd New York. Secchi alianza karibu na mwaka 1862, na alitumia njia iliyokuwa tofauti na ya Huggins. Huggins alichukua nyota chache na kuzichambua kwa kina sana. Secchi alitaka kuziona nyingi. Aliweka prizimu kwenye darubini yake na kupita mbinguni nyota kwa nyota, usiku kwa usiku, akichora kwa mkono kila alichokiona. Hakuwa na kamera ya kufaa kazi hiyo. Kabla ya kufa alikuwa amechunguza nyota zaidi ya 4,000.

Na zile nyota elfu nne hazikuwa za aina elfu nne. Hilo ndilo lililomshangaza. Nyota nyeupe na za samawati, kama Sirius na Vega, zilikuwa na mistari michache minene, ile ya hidrojeni. Nyota za njano, kama Arcturus na jua letu wenyewe, zilikuwa na mistari mingi myembamba ya metali. Nyota za rangi ya chungwa na nyekundu, kama Betelgeuse katika kundi la Jabari na Antares katika kundi la Nge, hazikuwa na mistari tu bali mikanda mipana ya giza, iliyopangika kama nguzo za ukumbi zinazotupiwa mwanga kutoka upande mmoja. Kufikia 1866 alikuwa na makundi hayo matatu.

Miaka miwili baadaye akaongeza la nne. Kati ya nyota nyekundu hafifu alikuta chache ambazo mikanda yake ilikuwa kama imegeuzwa. Katika kundi la tatu kila mkanda una ukingo mkali upande wa zambarau na kufifia kuelekea nyekundu. Katika nyota hizi ukingo mkali ulikuwa upande wa nyekundu. Mwingine angesema macho yamechoka. Secchi alirudi tena na tena, kisha akashuka maabara, akauchunguza mwanga unaotolewa na mvuke wenye kaboni ukipitishiwa umeme, akalinganisha. Mikanda ilikaa mahali pamoja. Nyota zile zilikuwa na kaboni, ile ile ya mkaa na masizi. Mojawapo, iliyoko mbingu ya kaskazini, ilikuwa na mwanga mzuri mno ulipopanuliwa, naye akaiita La Superba, na jina hilo inalo hadi leo. Baadaye aliongeza kundi la tano, la nyota chache zenye mistari inayong'aa badala ya kuwa myeusi.

Asijekuwapo atakayedhani tunamchora mtakatifu asiye na doa. Secchi alikuwa mwepesi wa kuchapisha, na aliyekuwa mwepesi wa kuchapisha hakosi kusahihishwa hadharani. Alibishana vikali na Lorenzo Respighi, mkuu wa kituo kingine cha nyota huko huko Roma, juu ya mambo ya jua. Rutherfurd naye alikuwa amezipanga nyota katika makundi wakati ule ule, na wapo wanaoona sifa yake ilimezwa na ile ya padre wa Roma. Isitoshe, Secchi hakujua nyota zake nyekundu ni nini hasa. Mikanda ya kundi la tatu ilikuja kutambuliwa na Alfred Fowler mwaka 1904 kuwa ni ya oksidi ya titani, miaka 26 baada ya Secchi kufa. Wako waliosema mapema kwamba nyeupe ni changa, njano ni za makamo, nyekundu ni zee. Yeye aliyapanga makundi kwa jinsi yalivyoonekana, na mpango huo ukadumu kuliko maelezo mengi yaliyotolewa juu yake wakati ule. Tunaliheshimu hilo kuliko tunavyoheshimu ugunduzi wenyewe. Ni vigumu kuandika ulichokiona tu na kuacha nafasi wazi pale usipojua.

Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya Italia yalibomoa ukuta wa Roma karibu na lango la Porta Pia na kuingia. Dola ya Papa ikaisha. Pio IX akajifungia Vatikano. Juu ya paa la Mtakatifu Inyasi Secchi alikuwa na miaka 52, jina lake likiwa linajulikana Paris, London na Washington. Serikali mpya haikuwa na nia ya kumpoteza. Ilimpa nafasi ya ualimu katika chuo kikuu cha Roma, kiti kipya cha kufundisha fizikia ya nyota, kitu ambacho kwa wakati ule kilikuwa nadra duniani. Kwa mtu aliyetoka kuanzisha sayansi hiyo ilikuwa ni kama kupewa ufunguo wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Alikataa. Hakuona angewezaje kuwa mtumishi wa serikali iliyomnyang'anya Baba Mtakatifu mji wake. Tukiyasoma haya leo tunaweza kuwa na maoni tofauti juu ya siasa za wakati ule, na Kanisa lenyewe lilikuja kupatana na Italia mwaka 1929. Lakini mwaka 1870 hakuna aliyejua hayo. Wapinga Kanisa walimwona ni mtu wa Papa aliyekalia mali ya taifa. Wakatoliki wengine walimtilia shaka kwa sababu hakuwavunjia urafiki wanasayansi waliokuwa upande wa Italia. Na kweli hakuuvunja. Mwaka 1871, mwaka mmoja tu baada ya Porta Pia, alishirikiana na Pietro Tacchini na wengine kuanzisha chama cha Waitalia wanaochunguza mwanga wa jua na nyota, cha kwanza cha aina yake. Mwaka 1872 alikwenda Paris kwenye kamisheni ya kimataifa ya mita akimwakilisha Papa, ambaye kwa wakati huo hakuwa na nchi ya kupimwa.

Mwaka 1873 sheria ya kuyavunja mashirika ya kitawa ikafika Roma. Chuo cha Kirumi kikachukuliwa. Wajesuiti wakatolewa katika nyumba waliyokaa tangu karne ya 16, vyumba vya madarasa vikawa vya shule ya serikali, maktaba ikawa ya taifa. Kituo cha nyota kilikuwa juu ya jengo hilo hilo. Wakubwa wa serikali walifahamu kwamba kumfukuza Secchi kungeleta aibu mbele ya vyuo vyote vya Ulaya, basi wakamwacha. Alibaki na wasaidizi wachache katika vyumba vichache, ghorofa za chini zikiwa si zao tena. Usiku alipanda kwenye darubini yake asijue kama mwezi ujao atapanda tena. Aliishi hivyo kwa miaka zaidi ya minne.

Kitu kilichotugusa tulipokuwa tukiisoma historia hii ni kwamba miaka hiyo haikuwa ya kulalamika. Ilikuwa ya kazi. Aliendelea kuchora madoa ya jua na ndimi za moto kila siku yenye anga safi. Alitoa chapa mpya na kubwa zaidi ya kitabu chake juu ya jua. Mwaka 1877, tayari akiwa mgonjwa wa tumbo, alitoa kitabu chake juu ya nyota, chenye makundi yote matano. Mwaka uliofuata ulianza na vifo. Mfalme Vittorio Emanuele wa Pili, aliyeichukua Roma, alifariki tarehe 9 Januari 1878. Pio IX, aliyenyang'anywa, alifariki tarehe 7 Februari. Leo XIII akachaguliwa tarehe 20, na tarehe 26 Februari Padre Angelo Secchi naye akafariki, akiwa na miaka 59. Mwaka uliofuata serikali ikakichukua kituo. Mkuu mpya akawa Tacchini, rafiki yake. Leo XIII alikianzisha upya kituo cha nyota cha Vatikano mwaka 1891.

Makundi ya Secchi yalitumika kwa miaka mingi, hadi wanaanga wa Harvard walipoyagawa upya na kuyapa herufi. Kundi la tatu likawa herufi M. Lile la nne, la kaboni, likapewa herufi zake. Karne ya 20 ikaeleza nyota hizo ni nini. Nyota kama jua letu huishi kwa kuunguza hidrojeni iliyo kiini mwake. Ikiisha, kiini hujikaza, na sehemu ya nje huvimba mara nyingi kuliko ilivyokuwa, ikipoa kadiri inavyopanuka. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi. Nyota kubwa nyekundu hubaki na 3,000 au pungufu, ndiyo maana ni nyekundu na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwanga wake hutoka katika infraredi. Antares na Betelgeuse ni nzito mno na huishi miaka michache kwa hesabu za nyota, basi ni wazee kwa hatua zao tu. Zilizo nyingi ni nyota za uzito wa kawaida ambazo kweli zina umri wa mabilioni ya miaka.

Mwishoni nyota hizi hupukutika. Tabaka za nje huondoka polepole angani, na zikipoa hugeuka vumbi. Zile zenye oksijeni nyingi hutoa chembe za aina ya mchanga. Zile za kundi la nne hutoa masizi, kama taa ya chemli iliyopandishwa utambi ikasahauliwa, hadi kioo kikawa cheusi na mwanga wake mwenyewe hauonekani. Vumbi hilo ndilo lililojaa katika bapa la galaksi yetu, na ndilo linalotuzuia tusione kitovu chake. Kitovu kiko umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, upande wa kundi la Mshale. Mwanga wa kawaida unaotoka huko unafika kwetu chembe moja tu kati ya trilioni moja. Mionzi ya infraredi hupita vizuri zaidi, karibu moja kati ya kumi. Eric Becklin na Gerry Neugebauer walikiona kitovu kwa njia hiyo mwaka 1966, wakiwa Mount Wilson huko California, na tangu hapo hakuna njia nyingine ya kuzihesabu nyota kubwa nyekundu zilizosongamana huko ila infraredi.

Kuna upenyo mmoja, hata hivyo. Katika miaka ya 1940 Walter Baade, Mjerumani aliyefanya kazi Mount Wilson, alipata mahali kando kidogo ya kitovu ambapo vumbi ni jepesi, na macho ya darubini hufika mbali ndani ya bonge la nyota linalokizunguka kitovu. Panaitwa dirisha la Baade. Mwaka 1984 orodha ya nyota kubwa za kundi la M zilizo katika dirisha hilo ilichapishwa na watu watatu: Victor Blanco na mkewe Betty, waliofanya kazi huko Chile, pamoja na Padre Martin McCarthy, Mjesuiti wa kituo cha nyota cha Vatikano. Miaka mitatu baadaye Jay Frogel na Albert Whitford walitoa vipimo vya infraredi vya nyota za orodha hiyo.

Watatu hao walikuwa wamelinganisha sehemu mbalimbali za mbingu kabla ya hapo. Katika Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo mbili za jirani zetu, walikuta nyota za kaboni kwa wingi. Walipogeukia upande wa kitovu, nyota za kundi la tatu la Secchi zilijaa, na za kundi la nne karibu hazikuwapo. Inaelekea nyota za huko zilizaliwa na oksijeni na metali nyingi toka mwanzo, kiasi kwamba kaboni inayopanda kutoka tumboni mwao haiwezi kuizidi oksijeni. Ukingo mkali upande huu au upande ule, tofauti aliyoichora Secchi kwa kalamu juu ya paa la kanisa, ukawa njia ya kujua galaksi ilijengwa kwa udongo gani.

Mwezi huu wa Agosti, baada ya sala za usiku, toka nje kabla hujazima taa ya bwenini. Huku kwetu kundi la Nge liko karibu na utosi, na nyota nyekundu iliyo kifuani mwake ni Antares. Fuata mkia wa Nge hadi pale Njia Nyeupe inapokuwa pana na nzito, kati ya mkia huo na Mshale. Utaona kama doa la giza lililogawanya weupe. Ni vumbi, na nyuma yake ndiko kitovu kiliko.